Picha imekatwa jina la mpiga picha, Marekani: naweza kudai nini?

Swali: Wakuu, picha ya harusi iliyopigwa Marekani ilikuwa na jina la mpiga picha kona ya chini kulia. Kampuni ya mapambo ya hukohuko imeikata kona ile na kuitumia picha kwenye tangazo. Picha haijasajiliwa Ofisi ya Hakimiliki. Kuna dai hapo? Na kama ingetokea Kenya?

Jibu 1: Lipo, ila tenganisha mambo mawili. Dai la kutumia picha bila ruhusa halifunguliwi mahakamani, kwa kazi ya Marekani, mpaka usajili ukamilike. Dai la kuondoa utambulisho ni lingine: kifungu cha 1202 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani, kilicholetwa na DMCA (sheria ya hakimiliki ya zama za kidijitali) mwaka 1998. Kinalinda jina la kazi, la mtunzi, la mwenye haki, masharti ya matumizi, hata namba za utambulisho. Mahakama nyingi hazidai usajili hapa. Fidia ni dola 2,500 hadi 25,000 kwa kila ukiukaji. Una miaka mitatu ya kufungua kesi.

Jibu 2: Nakubaliana, lakini kesi hizi hufia kwenye ushahidi wa nia. Uthibitishe kwamba mshtakiwa aliondoa jina kwa makusudi, tena akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba kuliondoa kutawezesha au kuficha ukiukaji. Katika Stevens dhidi ya CoreLogic, 2018, programu ilikuwa ikifuta metadata (taarifa zilizomo ndani ya faili, kama jina la mpiga picha) za picha za nyumba. Wapiga picha walishindwa kwa kukosa ushahidi huo.

Kwa hiyo chunguza picha ilivyokatwa. Ikiwa mraba kamili, watasema mtandao wa kijamii ndio uliokata. Ikiwa imepunguzwa chini tu, pale palipokuwa na jina, utetezi huo unakosa nguvu. Tunza faili halisi ya kamera, nakala aliyopewa mteja, na skrinishoti yenye anwani ya ukurasa na tarehe. Siku nyingine jaza pia jina na ilani ya hakimiliki kwenye IPTC (sehemu za metadata za picha), na WhatsApp utume kama dokumenti. Ukituma kama picha, metadata zinafutwa.

Jibu 3: Kwa Kenya soma kifungu cha 35 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Kuondoa taarifa za *kielektroniki* za usimamizi wa haki (zinazotambulisha kazi na mwenyewe) ni ukiukaji, na kusambaza nakala zilizoondolewa taarifa hizo pia. Neno hilo linabana: jina lililochapwa kwenye karatasi litaleta ubishi, wakati Marekani, katika Murphy dhidi ya Millennium Radio, 2011, jina lililochapwa ukingoni mwa picha ya jarida lilihesabika. Kwa jina la karatasini, Kenya ningeanzia kifungu cha 32, haki ya mtunzi kutambuliwa.