Naomba msaada: kitenzi "get" nikielewe vipi?

Muulizaji: Salaam wanajukwaa. Ninajifunza Kiingereza peke yangu, na tangu mwanzo nimekariri kwamba "get" ni "kupata". Jana nimekutana na sentensi "It was getting dark when we got home", nikaweka "kupata" sehemu zote mbili, maana ikanipotea kabisa. Je, nikariri kila maana peke yake?

Jibu la 1: Ndugu yangu, usikariri orodha, bali tazama kinachofuata. Likifuata jina la kitu, "kupata" au "kupokea" hutosha: "I got a letter". Kikifuata kivumishi, "get" huonyesha kuingia katika hali mpya, na mara nyingi Kiswahili huibeba hali hiyo ndani ya kitenzi kimoja: "get tired" ni kuchoka, "get wet" ni kulowa. Pakitajwa mahali, ni kufika. Kwa hiyo sentensi yako ni "Giza lilikuwa likiingia tulipofika nyumbani".

Jibu la 2: Naafiki, ila pana sehemu inayowasumbua wengi zaidi. "She got paid" ni "alilipwa", yaani kauli ya kutendwa. Lakini "He got his shoes repaired" haimaanishi kwamba alivishona viatu vyake mwenyewe. Alimpa fundi avishone. Na "She got me to sign" ni "alinishawishi nitie sahihi".

Muulizaji: Ahsanteni sana. Na "I've got a book", ni kitabu alichokipata au alicho nacho?

Jibu la 1: Alicho nacho. "I've got to go" nayo ni "sina budi kwenda". Wamarekani husema "I've gotten" wanapomaanisha kwamba wamekipata kitu, ilhali Waingereza kwa kawaida hubaki na "got".

Jibu la 3: Kanuni ya kinachofuata ni nzuri, lakini haifiki kwenye "get up", kuamka, wala "get over an illness", kupona. Hizo zikariri nzima nzima. Tena katika barua rasmi ningekushauri uandike "receive" au "become", kwa sababu "get" ina sauti ya mazungumzo.

Muulizaji: Nimejaribu "They got lost". Nilitaka kuandika "walipotezwa", kisha nikaandika "walipotea". Nimepatia?

Jibu la 2: Umepatia. "Lost" hapo inaeleza hali waliyoingia, hakuna aliyewapoteza.