Tupeane uzoefu: uliacha posho (ugali) na matoke, au uliacha mafuta? Kipi kilikupunguza kilo?

Mama Sauda, Busia
Habari zenu wandugu. Leo tuongee ukweli, sio mambo ya video za mtu mwembamba anayeuza majani ya chai. Mi nauza mitumba hapa Busia, nakaa kwa stuli toka saa mbili asubuhi mpaka jua linazama, na mwaka jana mwezi wa pili mizani ikasema kilo 96. Jirani akaniambia mama acha wanga. Nikaacha vyote, posho, matoke, muhogo, viazi vitamu, wali, chapati ndo usiseme, nikabaki na nyama choma, mayai, dodo (mchicha), samaki, na samli nyingi maana aliniambia mafuta hayana neno. Wiki mbili za kwanza kilo nne na nusu zimekwenda, nikapiga hadi picha! Halafu mizani ikagoma. Mwezi wa tano niko 88. Nikapima damu, triglisaridi, yaani mafuta ya kwenye damu, imeshuka vizuri lakini ile LDL, kolestro mbaya, imepanda kuliko mwanzo. Daktari akauliza unakula nini, nikamwambia, akacheka kidogo halafu akaacha kucheka. Wenzangu mlifanyaje?

Afande Mstaafu, Jinja
Pole mama. Mi nilipita njia ya pili. Presha ilinikamata nikiwa bado kazini, nikaambiwa punguza mafuta, na mwanajeshi akipewa amri anatekeleza. Maharage ya kuchemsha bila tone la mafuta, posho, mkate mkavu. Sasa sikilizeni ujinga wangu: soda nilikuwa nakunywa mbili kwa siku kwa sababu nilisoma kwenye chupa haina mafuta, na chai vijiko vinne vya sukari. Miezi mitatu nimeongeza kilo mbili. Mke wangu ndo akanifungua macho, akasema mzee wewe unakimbia mafuta unajificha kwenye sukari. Nilipotoa soda na sukari, bonge la posho nikalifanya saizi ya ngumi, zikatoka kilo 7 kwa miezi minane. Polepole kama treni ya mizigo. Na njaa ya saa nne usiku msiniulize.

Kijana wa Boda, Nakawa
Wazee nawaheshimu lakini hizi ni daeti za watu wenye friji. Asubuhi rolex (chapati imeviringishwa na mayai), mchana katogo (matoke yaliyopikwa pamoja na mboga), jioni rolex, ndo maisha ya stejini. Nilijaribu kuacha wanga kabisa siku tisa. Siku ya tatu kichwa kinagonga, abiria kasema Ntinda mi nampeleka Bugolobi. Na trei ya mayai inazidi elfu kumi, nyumbani tuko sita, utakula peke yako watoto wanakuangalia? Sa hizi jamaa wa rolex ananijua, ananikaangia mayai mawili na nyanya na kabichi nyingi, mafuta kidogo, chapati nusu tu. Parachichi zikiwa za msimu nachukua hapo kando ya barabara. Kilo 5 zimetoka na sijamkosesha mtu chakula.

Musawo (mhudumu wa afya) wa Zamu
Naingilia kidogo kabla ya kulala. Mama Sauda zile kilo za haraka nyingi ni maji, mwili huwa unaweka akiba ya wanga pamoja na maji, ukiacha posho akiba inaisha na maji yanatoka. Kuhusu kipi bora, Stanford kule Marekani walilinganisha watu 609 mwaka mzima, matokeo yakatoka 2018. Wa kupunguza mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, wa kupunguza wanga kilo 6.0, tofauti ambayo kitaalamu haihesabiki. Ila ndani ya kila kundi kuna waliopungua zaidi ya kilo 20 na kuna walioongezeka! Na wote waliambiwa kula mboga kwa wingi, waachane na sukari na unga mweupe, yaani soda ya Afande isingepita popote. Kwenye damu ilikuwa kama kwa Mama Sauda kwa kiasi kidogo, waliopunguza wanga triglisaridi ilishuka zaidi, lakini LDL yao ikapanda kidogo, ya waliopunguza mafuta ikashuka. Kwa hiyo mama usirudi kwenye mabakuli ya posho, badilisha mafuta: samli, mawese na mafuta ya nyama punguza, karanga, simsim (ufuta), parachichi na samaki ndo viwe rafiki zako.

Halafu hili nalisema kwa herufi kubwa: MWENYE SUKARI ANAYEMEZA GLIBENKLAMIDI (DAWA YA KUSHUSHA SUKARI) AU KUCHOMA INSULINI ASIACHE WANGA GHAFLA bila kuongea na daktari wake. Dozi ilipangwa kwa chakula ulichokuwa unakula, ukikiondoa sukari inaanguka.

Dada wa Gulu
Musawo hapo pa mwisho ni kweli tupu. Baba yangu alifanya hivyo, kaacha kalo (ugali wa wimbi) siku moja, dawa anameza kama kawaida, saa kumi alfajiri tumemkuta analowa jasho anaongea maneno hayaeleweki, tukampa maji ya sukari ndo akarudi. Dozi ikabadilishwa.
Mimi upande wangu niliambiwa niache mafuta, maana yake niache odii, ile siagi ya simsim na karanga. Mboga ya malakwang bila odii?? Nilivumilia wiki tatu. Afadhali nimesikia simsim imesamehewa. Ila nakiri nilikuwa naipakua kwa mwiko, sa hizi kijiko cha mezani, na viazi vitamu viwili badala ya vitano.

Mama Sauda, Busia
Asanteni jamani. Mi samli nimeacha toka mwezi wa sita, nyama Ijumaa tu, siku zingine mukene (dagaa) na maharage, na matoke nimerudisha vidole viwili vya mchana. Mizani 85, LDL imeshuka, bado haijafika anapotaka daktari. Napima tena mwezi ujao, ntawaambia hapahapa. Afande, soda umeacha kweli?

Afande Mstaafu, Jinja
Nimeacha. Krismasi usihesabu.