Zimebaki siku sita (kikundi cha UKOO WA CHUMBAGENI, Tanga)

Jumanne 24 Machi

Da Zuhura: Assalam aleikum wanaukoo. Mama shikamoo. Mama Nuru zimebaki siku sita mpaka ndege ya kutoka Japani kurudi nyumbani, mmefika wapi na mizigo? Usinambie ndo kwanza mnakusanya

Mama Nuru: Waaleikum salaam. Mama shikamoo, dada shikamoo. Yani kufunga mizigo siyo kazi kabisa dada, kazi ni kutupa. Huku huwezi kutoa kochi ukaliacha nje ukaenda zako. Kitu kikubwa kama kochi au kabati unapiga simu wanakupangia siku, unanunua stika unabandika juu ya kitu chenyewe, afu siku hiyo asubuhi unakitoa mpaka pale walipokwambia. Na siku zenyewe zinajaa mana Machi ni kama nchi nzima inahama, mwaka wa shule na wa kazi unaanza Aprili, sisi tumewahi kupiga simu mwanzo wa mwezi ndo tukapata Ijumaa hii

Rehema: Kwa hiyo unalipa ili utupe kochi lako mwenyewe??

Mama Nuru: Unalipa Rehema. Na taka za kila siku nazo zina siku zake, za kuchoma siku yake, chupa siku yake, makaratasi yake. Mwaka wa kwanza nilitoa mfuko wa chupa siku ya taka za kuchoma, gari likapita likabeba mifuko ya wenzangu yote wangu likauacha pale na karatasi nyekundu imebandikwa. Nilikuwa nachungulia dirishani sijui hata nifanye nini. Yule bibi jirani ndo akaja na kalenda na kalamu za rangi akanichorea, nyekundu moto, bluu chupa, hatukuwa na lugha hata moja ya kuelewana lakini nilielewa. Ile kalenda ninayo mpaka leo nimeiweka kwenye begi la mkononi

Da Zuhura: Mungu ambariki bibi wa watu

Rehema: Dada samahani kwa kuingilia, lile jiko la wali la umeme umeliweka kwenye begi gani? Mi nishawatangazia watu hapa

Baba Nuru: Shem hilo jiko halitafika. Umeme wa huku ni volti 100, kwetu ni 230. Ukilichomeka huko linaungua siku hiyohiyo, labda ununue transfoma, na transfoma yenyewe nzito na bei yake unapata jiko jipya hapo Tanga linaloendana na umeme wetu. Hata blenda na feni tunaviacha

Rehema: 😭😭

Mama Nuru: Na hata hivo lile jiko siyo letu kihivyo. Tulilirithi kwa familia ya Wakenya waliokuwa wanaondoka siku tumefika, wao nao walirithi kwa mtu. Sahivi Aprili wanaingia wanafunzi wapya chuo cha Tsukuba, kuna kijana anatoka Morogoro na mkewe ana mimba, nimewawekea jiko, magodoro ya kukunja, birika, vyombo vya watu wanne. Na baiskeli yangu ya kapu mbele nampa yule mke, ila tumeenda kwanza kuhamisha jina mana baiskeli huku zinasajiliwa, polisi akimsimamisha usiku akakuta namba ina jina la mtu mwingine anaonekana ameiba, mtu hana hata wiki nchini uanze kumletea mashaka

Kaka Shabani: Vizuri sana. Kumwachia mgeni pa kuanzia ni sadaka hiyo

Rehema: Mama anataka kuongea nashika simu

Bibi (sauti, naandika mimi Rehema kwa wasioweza kufungua): "Marahaba wote. Mimi nimefunga sita yangu ya baada ya Idi, leo ya tatu, sina maneno mengi. Mambo ya makochi siyajui. Mimi nauliza mtoto. Siku ya Idi nimeongea na Nuru, namuuliza umekula, ananigunia. Namuuliza umevaa nguo mpya, ananigunia. Mtoto wa miaka tisa anamgunia bibi yake. Sikutaka kusema siku ya Idi ila limenikaa rohoni, nikasema huyu anaekuja atanijua kweli?"

Mama Nuru: Subhanallah mama. Nisamehe mimi ndo nilitakiwa nikueleze. Nuru hakuguni mama. Kijapani cha nyumbani mtu akikubali anaitikia "un", mdomo hata haufunguki vizuri, ndo ndiyo yao. Alikuwa anakwambia ndiyo bibi nimekula, ndiyo bibi nimevaa. Na haitikii hivo kwa kila mtu, mwalimu wake anamwambia "hai", mtu mzima asiyemzoea anamwambia "hai". "Un" ni ya mtu wa ndani. Mimi ananiambia un, baba yake un, na wewe

Bibi (sauti): "Kumbe. Kumbe mtoto alikuwa ananiitika. (anakaa kimya kidogo) Basi msimkataze."

Da Zuhura: Mama Nuru umenitoa machozi dada yako nipo ofisini kwa walimu hapa

Da Zuhura: Shule yenyewe vipi? Leo si ndo wamefunga

Mama Nuru: Leo ndo siku ya mwisho. Amemaliza darasa la tatu. Amerudi na lile begi gumu la mgongoni ambalo mtoto wa huku analibeba toka la kwanza mpaka la sita, mkononi viatu vya ndani vya shule, mfuko wa picha zake, chungu cha ua alilopanda, mtoto haonekani mizigo inatembea yenyewe. Na ubao. Wenzake wamemwandikia kwenye kadi ngumu kama ubao mdogo, kila mtoto kajisehemu kake, wanazungusha duara katikati jina lake. Mmoja kaandika ASANTE kwa herufi zao

Mama Nuru: Afu kuna mmoja kachora mbuzi. Siyo mbuzi mnyama. Mbuzi ya kukunia nazi. Mwaka jana walitakiwa kila mtu aeleze kitu cha kwao, Nuru akaomba ile picha mama umekaa unakuna nazi, akaenda kuwaeleza darasa zima kwamba hiki kibao kinaitwa mbuzi na kina meno na bibi yangu anakikalia. Walicheka mpaka mwalimu akacheka. Sasa huyu mtoto kakumbuka mwaka mzima, kakichora na meno yake na mwanamke kakaa na kanga, mpaka zile pindo za kanga kaziweka

Rehema: Nimemuonyesha mama ile picha uliyotuma. Kaishika simu hajarudisha

Shangazi Makorora: Assalam aleikum, mimi naingia sahivi nilikuwa sokoni. Hiyo shule ndo ile watoto wanafagia wenyewe?

Mama Nuru: Ndo hiyo shangazi, shikamoo. Wanafagia darasa, korido, mpaka vyoo, na chakula cha mchana wanajipakulia wenyewe, wamevaa aproni nyeupe na kofia. Sisi tulikuwa na lile suala la nyama, mwalimu alikuwa ananitumia orodha ya chakula cha mwezi mzima kabla haujaanza, kila mlo kilichomo, mimi nazungushia siku zenye nguruwe, siku hizo anabeba chakula cha nyumbani na nilikuwa najitahidi kifanane na cha wenzake, wao wakila kari na yeye kari yangu, asijione mtoto wa pembeni. Miaka mitatu kila mwezi sijawahi kukosa hiyo karatasi. Mwalimu yule sijui nitamlipa nini

Shangazi Makorora: Marahaba mwanangu. Dua tu hakuna malipo mengine

Kaka Shabani: Mkumbushe da Zuhura ile habari ya kuku 😂

Mama Nuru: Aaah. Alivyokuwa la pili alikuja nyumbani anasema mama sisi shuleni tunajifunza kuku. Nikajua wana banda la kuku. Kila siku jioni namuuliza kuku vipi, ananijibu kuku ngumu mama. Wiki nzima! Kumbe ndo table ya kuzidisha wanavyoiita, ku ni tisa, tisa tisa ndo ku-ku. Kama kawimbo vile, wanaiimba mpaka inakaa

Da Zuhura: Basi hesabu hana shida. Sikiliza mdogo wangu naongea kama mwalimu sasa. Kwetu mwaka umeanza Januari, kwa hiyo anaingia katikati. Usikubali mtu akupeleke darasa la nne kwa sababu eti kamaliza la tatu huko. La nne lina upimaji wa taifa mwisho wa mwaka, na mtoto Kiswahili cha kuandika hajawahi kuandika hata insha moja. Aingie la tatu atulie. Hesabu atawapita, lugha itamkuta njiani. Omba shule barua ya uhamisho na ripoti zake zote, afu zitafsiriwe hukohuko kabla hamjapanda ndege, ukifika huku hutampata mtu wa kusoma hizo herufi

Baba Nuru: Barua tunayo dada, tafsiri inatoka Alhamisi. Nakushukuru sana hilo la darasa la tatu, sisi tulikuwa tunabishana

Mama Nuru: Yeye mwenyewe kaniuliza leo akiwa kwenye maji anaoga. Mama, tunarudi nyumbani, sasa kwanini kila mtu anasema narudi, mimi nilikuja na miaka minne, mimi naenda. Sikuwa na jibu. Nikamwambia ndiyo mwanangu wewe unaenda, sisi tunarudi, lakini tumeshikana mkono

Da Zuhura: 💔

Shangazi Makorora: Mtoto ana akili huyo. Na jirani mmeshawaaga? Mtu haondoki mtaani kimya kimya

Mama Nuru: Tumeaga shangazi na huku nao ndo desturi yao, ukihama unapita nyumba za karibu na kizawadi. Nimekaanga visheti jana usiku wote, nimefunga vifuko. Yule bibi wa kalenda ndo wa mwisho. Hapa Tsuchiura ndo kwa mizizi ya mayungiyungi, mashamba yake kama majaruba ya mpunga mtu anaingia kwenye tope mpaka kiunoni, na yeye shamba ni la kwake na marehemu mumewe. Miaka yote analeta mizizi ikiwa bado na tope, mimi napika kwa tui la kopo nampelekea bakuli, hapo mwanzo alikuwa analinusa kwanza sahivi analeta bakuli yeye mwenyewe. Jana kapokea visheti kwa mikono miwili, kainama, nami nikainama, kainama tena. Afu akaniinulia kidole nisubiri, katoka na gazeti kafunga mizizi. Anajua naondoka, nani atapika? Lakini kanipa. Nimeipika leo

Bibi (sauti): "Umefanya vyema kuipika. Cha mtu hakilazwi."

Kaka Shabani: Jamani kabla Nuru hajalala naomba msaada. Ile gari yangu IST iliyotoka huko, toka nimeinunua ukiwasha inaongea. Kuna mwanamke anasema neno lilelile kila asubuhi mwaka wa nne huu. Abiria wananiuliza nawaambia sijui. Nimerekodi hii hapa msikilizisheni

Kaka Shabani: (sauti, sekunde 7)

Mama Nuru: Ngoja nimpe

Nuru (sauti): "Shikamoo mjomba. Gari anasema, kadi ya ETC haijaingia. Ni kadi ya... mama, kousoku ni nini? Ya barabara kubwa. Unaweka kadi, unapita, haulipi kwa mkono. Mjomba anaweza kutoa ile mashine, atanyamaza."

Baba Nuru: Ndo zile barabara za kulipia. Kwenye gari kuna kimashine unachomeka kadi, ukifika geti linafunguka lenyewe pesa inakatwa. Gari ilivyouzwa mashine ikabaki, kadi hakuna, ndo anamkumbusha dereva. Nusu ya gari za Dar na Tanga zinasema hivo hivo

Kaka Shabani: Allah! Miaka minne. Marahaba mjomba wangu Nuru umenifungulia mlango. Simtoi mimi, namwacha aongee. Siku nakuja kuwapokea Dar unakaa mbele na mimi, mpaka Tanga unanitafsiria

Nuru (sauti): "Un."

Rehema: Mama kasikia hiyo un kacheka mpaka kashika mbavu. Anasema "kanikubali mjomba wake"

Nuru (sauti): "Bibi, shikamoo. Tanga kuna wimbo wa jioni?"

Mama Nuru: Hapa mtaani kuna spika juu ya nguzo, ni za manispaa, ndo hizo za kutangaza tetemeko au mafuriko. Jioni zinapiga kawimbo, watoto wakisikia popote walipo wanaacha mchezo wanarudi kwao. Yeye hana saa, saa yake ndo hiyo. Toka wiki iliyopita anauliza huko atajuaje muda wa kurudi

Bibi (sauti): "Mwambie upo. Adhana ya magharibi. Mtoto yoyote wa Chumbageni akiisikia anaacha mpira anarudi ndani, mama yako ndo alivyolelewa, hakuwahi kunifanya nimtafute. Mimi nakuwa barazani na kopo la maji ya kunawa miguu. Akiingia nitamuona."

Nuru (sauti): "Nikisema tadaima, Bibi atajibu?"

Rehema: Mama anauliza hiyo ni nini

Mama Nuru: Mtoto akifika mlangoni akirudi kwao anasema "tadaima", nimerudi. Aliye ndani anaitikia "okaeri". Kila siku ya Mungu toka chekechea, hata nikiwa nimelala nimetoka zamu ya usiku kiwanda cha bento, vile vyakula vya kufungasha, lazima niitike, nisipoitika anarudi nje anaingia upya

Bibi (sauti): "Sasa huku mtu anasema hodi, anaambiwa karibu. Lakini hodi ni ya mgeni, mtoto wa nyumbani habishi hodi kwao. Hapana, asibishe hodi. Aseme salamu ya Mungu kwanza, afu aseme hilo lake, nami nitamuitika. Rehema, niandikie hilo neno, herufi kubwa."

Rehema: Nimeandika kwa maka. Kalibandika mwenyewe kwenye mlango wa kabati la vyombo pale anapoonea akiwa barazani. Sahivi anafanya mazoezi anasema okairi

Nuru (sauti): "Bibi, o-ka-e-ri."

Bibi (sauti): "O-ka-e-ri."

Mama Nuru: Kalala nayo hiyo sauti, kaicheza mara tano. Baba yake kesho asubuhi anaenda manispaa kufuta anwani na kututoa kwenye bima ya afya. Da Zuhura nikumbushe vipimo vya neti ya kitanda cha huko