Ruta ya nyumbani: nitaijuaje anwani yake ili niingie kwenye mipangilio?

MamaNasra:
Wakuu salaam. Naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya mtandao wa nyumbani.

Niko Tabata, nimevuta intaneti ya faiba. Fundi alifunga kiboksi cheupe ukutani, akaongeza na ruta nyeusi ya antena sebuleni ili waifai ifike hadi uani. Wapangaji wangu niliwapa neno la siri kwa moyo mmoja, wao wakawapa wageni wao, na wageni nao wakaligawa mtaani. Sasa jioni mwanangu wa kidato cha nne akifungua masomo ya video, picha inakwamakwama mpaka anakata tamaa. Nataka nibadilishe neno la siri, na kama inawezekana nione ni nani na nani wameunganishwa.

Nimesoma kwamba unaandika 192.168.1.1 kwenye simu. Nikiandika, ukurasa unazunguka weee, mwisho unasema tovuti haifikiki. 192.168.0.1 nayo vivyo hivyo. Fundi mwenyewe hapokei simu. Anwani sahihi ya ruta yangu nitaipata wapi?

Kisimani:
Shikamoo mama. Igeuze ruta, chini kuna stika. Mara nyingi anwani imeandikwa hapo pamoja na jina la kuingilia.

MamaNasra:
Marahaba mwanangu. Stika ya ile nyeusi ina jina la waifai, namba ndefu imeandikwa MAC, na tplinkwifi.net. Nimeiandika hiyo, haifunguki. Kile cheupe kimebanwa ukutani, stika iko kwa nyuma.

Jabali82:
Rahisi hiyo. Ingia Google uulize "what is my IP", namba itakayokuja ndiyo anwani ya ruta.

FundiNyaya:
Hapana mkuu Jabali, hiyo itampoteza mama. Namba inayoonyeshwa na Google ni ile inayoonekana nje, kwenye intaneti, na kwa kampuni nyingi wateja kadhaa huitumia kwa pamoja. Anayoitafuta ni ya ndani ya nyumba.

Mama, usikisie namba. Kila simu inapojiunga na waifai, hupewa anwani yake pamoja na anwani ya kifaa kinachoitoa nje kwenda intaneti. Kwa hiyo jibu tayari unalo mkononi, ni kulisoma tu.

Kwenye Android: fungua mipangilio, nenda Wi-Fi, gusa alama ya gia iliyo kando ya jina la mtandao uliounganishwa nao. Shuka chini utafute mstari wa Gateway, yaani mlango wa kutokea kwenda intaneti; namba yake ndiyo anwani unayoitafuta. Kwenye simu nyingine umefichwa kidogo, itabidi ufungue maelezo zaidi. Kwenye iPhone, Wi-Fi, gusa ile i ya duara, kisha utafute neno Router.

Kama una laptopu ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, Enter, halafu andika ipconfig. Yatatoka maandishi mengi. Wewe angalia sehemu ya Wi-Fi, mstari wa Default Gateway. Ukikuta kitu kirefu kinachoanza na fe80, usishtuke, mara nyingi namba ya kawaida iko mstari wa chini yake. Kwenye kompyuta za Mac ni mipangilio ya Wi-Fi, Details, TCP/IP. Wa kompyuta za Linux andikeni ip route, msome kinachofuata baada ya "default via".

Namba hizi za 192.168, pamoja na zinazoanza na 10 na zile za 172.16 hadi 172.31, zilitengwa kwa mitandao ya ndani. Ndiyo maana jirani yako anaweza kuwa na 192.168.1.1 na wewe ukawa nayo, zisigongane. Ni ya ndani tu, kama namba ya chumba kwenye nyumba ya kupanga.

MwanaMvita:
FundiNyaya amesema kweli tupu. Niongeze machache kutoka huku Mombasa. Viwanda havina namba moja: ruta za Huawei zinazotumia laini ya simu nyingi ni 192.168.8.1, viboksi vyao vya faiba 192.168.100.1, MikroTik 192.168.88.1, Xiaomi 192.168.31.1. Lakini aliyekufungia anaweza kuibadilisha, kwa hiyo soma kwenye simu kwanza.

Halafu dadangu, ukishaipata, zima data ya laini na VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye njia nyingine) kama unayo, simu isije ikapita njia nyingine. Iandike juu kabisa kwenye upau wa anwani, uanze na http://, la sivyo brauza itakwenda kuitafuta Google. Na hakikisha ni namba moja, sio herufi l. Wengi hukwama hapo.

Chapuo:
Chukua pini, bonyeza kile kitundu cha reset kwa sekunde kumi, kila kitu kinarudi upya. Yameisha.

FundiNyaya:
Chapuo, tafadhali! Mama, usiguse kitundu cha kile kiboksi cheupe. Humo ndani huwa kuna jina la akaunti na mipangilio ya kampuni yako. Ukiifuta, huenda nyumba nzima ikabaki bila intaneti mpaka kampuni ikutumie mtu.

MamaNasra:
Jamani, Mungu awabariki. Gateway kwenye simu inasoma 192.168.100.1, na imefunguka! Brauza ilinionya kwamba ukurasa si salama, nikaendelea. Kikaniomba jina na neno la siri, nami sina.

FundiNyaya:
Onyo hilo ni kwa sababu ukurasa wa ruta hauna cheti cha usalama kama tovuti za nje. Ukiwa ndani kwako na anwani ni hiyo, endelea. Jina na neno la siri viko kwenye stika ya nyuma. Viboksi hivyo mara nyingi vimetundikwa kwenye skrubu mbili: kiinue taratibu kwenda juu kitatoka. Ila ule waya mwembamba wa faiba usiuvute wala kuukunja, ndani yake ni kioo.

MamaNasra:
Mwanangu hakukitoa, amepitisha simu nyuma ya kiboksi akapiga picha ya stika. Tumeingia, nimebadilisha neno la siri la waifai. Lakini simu za uani bado zinakula intaneti kama kawaida. Imekuwaje?

FundiNyaya:
Hao wameshikana na ile ruta nyeusi. Inarusha waifai yake yenyewe, yenye neno la siri lake. Inavyoonekana fundi aliiweka kama kisambazaji tu, ndiyo maana Gateway ya nyumba nzima ni kiboksi cheupe. Nayo nyeusi imepewa anwani na kiboksi hicho, kama simu yoyote.

Rudi kwenye ukurasa wa 192.168.100.1, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Chukua ile MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, ya kwenye stika ya ruta nyeusi, uilinganishe na orodha, herufi kwa herufi. Tarakimu ya mwisho ikipishana kwa moja au mbili, mara nyingi ndiyo hiyo hiyo. Mbele yake kuna anwani.

MamaNasra:
Nimeiona! 192.168.100.7. Imefunguka, inadai neno la siri peke yake. Nimejaribu lile la waifai ya zamani, imekubali.

MwanaMvita:
Maashallah. Badilisha la waifai, kwenye aina ya ulinzi chagua WPA2 au WPA3, na uzime WPS, ile njia ya kuunganisha simu bila kuandika neno la siri. Badilisha pia hilo la kuingilia humu, lisifanane na la waifai, maana kila aliyekuwa nalo angeweza kufungua ukurasa huu huu. Wapangaji wawekee mtandao wa wageni wenye neno la siri lao, ili kesho likivuja ubadilishe hilo tu bila kugusa simu za ndani.

FundiNyaya:
Jambo moja limebaki. Hiyo 192.168.100.7 inaweza kuhama umeme ukikatika ukarudi. Kwenye kiboksi cheupe, sehemu ya DHCP, inayogawa anwani kwa vifaa, kama akaunti yako inaruhusu, ifunge anwani hiyo kwa ile MAC ya ruta nyeusi. Isiporuhusu, siku ikihama rudi kwenye orodha ya vifaa uitafute kwa MAC ile ile.