Nafanya kazi nyumbani, mtoto ana miaka miwili: nimpeleke chekechea nusu siku?

Mama wa Tabata

Habari za leo wakuu.

Nina mtoto mmoja wa kiume, miaka miwili na miezi minne. Mume wangu kazi yake ilihamia Dodoma, anakuja wikiendi mbili kwa mwezi. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya Uingereza, kazi zote nafanyia nyumbani kwa kompyuta.

Dada wa kazi aliaga baada ya Pasaka kuwa anakwenda kumwona bibi yake, mpaka leo hapatikani kwenye simu. Tangu hapo napiga hesabu mtoto yuko mapajani. Wiki iliyopita katikati ya kikao alibonyeza sijui nini, bosi akabaki anatazama dari ya sebule yangu, na "mama, kojo!" ikasikika mpaka Manchester. Siku nyingine nampa simu aangalie katuni ili nimalize jambo moja tu, nikija kushtuka saa mbili zimepita. Roho inaniuma.

Kuna kituo jirani, dakika sita kwa miguu. Wanapokea kuanzia miaka miwili, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana. Niliwaza Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tu, lakini wamesema aje siku tatu au tano ada ni ileile, 90,000 kwa mwezi, uji humohumo.

Mama mkwe kasikia, kapiga simu: "Si upo nyumbani? Wa kupelekwa kwa watu ni mtoto wa mama anayetoka kwenda kazini." Sikumjibu, ila maneno yamenikaa kifuani.

Je, ni mapema mno? Siku tatu zinatosha? Nisiwachoshe.

Kibogoyo

Mpeleke. Kazi ikiota mbawa hata ya kumnunulia pampasi utakosa.

Mlezi Mstaafu

Dada yangu, nimelea watoto vituoni miaka kumi na moja. Hizo siku tatu za kurukaruka ndizo zitakazomtesa. Mtoto wa umri huo hajui Jumatano ni nini. Leo kaenda, kesho kabaki, keshokutwa ukimvalisha kibegi analia upya kama siku ya kwanza. Kama ada ni moja, aende asubuhi zote tano. Wengi huzoea ndani ya wiki mbili, wengine huchukua zaidi.

Siku ya kwanza kaa naye. Ya pili kaa kidogo. Ukiondoka muage, hata kama analia. Ukimtoroka mara moja tu, atakushika gauni mwezi mzima, mpaka chooni mtakwenda wawili.

Kabla hujatoa hela, omba kuona cheti cha usajili. Vituo vya kulelea watoto mchana vinasajiliwa Ustawi wa Jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Uliza walezi wangapi kwa watoto wangapi, halafu usiamini jibu, nenda saa 4 wakati wa uji bila taarifa ukahesabu mwenyewe. Tazama choo, maji ya kunawa, na geti. Wakikukatalia kuingia ndani, geuza palepale. Na wasipokuuliza kadi ya kliniki, jiulize watoto wengine wamepokelewaje. Chanjo ya pili ya surua ni ya miezi 18, angalia kama alipata.

Baba Mapacha

Umepiga hesabu ya saa lakini? Mimi pia wateja wangu wako Uingereza. Saa 3 asubuhi yao ni saa 5 yetu wakati wa joto lao, na wakirudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba inakuwa saa 6 yetu kamili. Yaani mtoto anatoka chekechea wakati bosi ndiyo kwanza anafungua kompyuta! Utalipia asubuhi ya kimya, vikao vyote uvifanye umembeba.

Mimi kazi za kutumia akili nilizihamishia asubuhi. Mapacha wakirudi wanakula, wanalala saa 7 hadi saa 9, na vikao nikavibana humo. Ilibidi nimwambie mteja ukweli kuwa nina watoto. Hakunifukuza. Pia uliza kama kuna wanaobaki mchana, maana vituo vingi hukubali kwa nyongeza ila hawatangazi.

Mama wa Tabata

Jamani, saa sikuzihesabu kabisa. Na eti ni mhasibu.

Bibi wa Saba

Mimi nina wajukuu saba. Wanangu niliwalea mgongoni nikilima, chekechea aliijua nani? Mkwe wako yuko sahihi. Miaka miwili ni mtoto wa mamaye.

Mlezi Mstaafu

Shikamoo bibi. Shambani ulikuwa na shangazi, mama wadogo na majirani, mmoja akichoka mwingine anapokea. Huyu yuko peke yake na geti kalifunga.

Bibi wa Saba

Marahaba. Hapo umenishika. Basi huyo mkwe apande basi aje akae naye, simu hazibebi mtoto.

Nesi wa Zamu

Hizo katuni: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 kwa miaka miwili mpaka minne ni isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora. Sisemi ujilaumu, wangu mwenyewe amelelewa na simu siku za zamu. Ila kama ni kila siku, atafutiwe wenzake wa kucheza nao. Halafu jiandae na mafua. Miezi ya mwanzo atakuletea kila kinachozunguka darasani. Akiwa na homa asiende, kwa hiyo usizimalize siku zako za likizo.

Mama wa Tabata

MREJESHO, wiki ya nne.

Kile cha jirani nilikwenda saa 4 bila taarifa. Watoto 31, walezi wawili, mmoja yuko jikoni anakoroga uji. Geti limefungwa kwa waya. Nikageuza.

Nimepata kingine, bajaji 2,000 kwenda. Cheti kiko ukutani, kundi lake wako tisa na walezi wawili, na kadi ya kliniki waliiomba kabla ya jina. Ni 130,000, siku tano, analala hukohuko na namchukua saa 9. Saa 9 mpaka saa 11 ndipo pangu pagumu bado. Bosi amekubali muda huo nisipangiwe kikao, labda cha dharura.

Bibi wa Saba, nilifuata neno lako, nikamtumia mama mkwe nauli. Siku mbili za kwanza alininunia. Ya tatu akaniletea chai saa 8, akanikuta naongea na watu sita kwenye kioo na chakula cha mchana kimepoa pembeni. Akasimama mlangoni kidogo, akasema, "Kumbe ni kazi." Sasa yeye ndiye anayempeleka, na walezi wameshaanza kumwogopa.

Jumatatu nimefanya kikao kizima bila kuzima sauti. Leo Jumatano ana mafua, yuko mapajani hapa, hii nimeandika kwa mkono mmoja.