Naomba ushauri: nimebakiwa na wiki 14 kabla ya sendofu, nataka kutoka kilo 88 hadi 65

Binti wa Mwanjelwa

Wakuu, heshima kwenu.

Nina miaka 34, naishi Mbeya mjini, nauza vitenge na nguo za watoto pale Mwanjelwa. Mungu akipenda sendofu yangu ni tarehe 12 Desemba hapa hapa Mbeya, ndoa inafuata Iringa kwao na mwenzangu. Sasa ndiyo kwanza Septemba inaanza, nimebakiwa na wiki 14.

Nina kilo 88, urefu sentimita 160. Nilipoenda kupima afya daktari aliangalia chati yake akaniambia kwa urefu huu nisingepaswa kuzidi kilo 64. Nikaona basi, niweke lengo la 65 siku ya sendofu. Sifanyi hivi kwa ajili ya picha peke yake. Mama yangu anaishi na kisukari, mama mdogo vilevile, na presha yangu siku ile ilisoma 136 kwa 86. Waliniambia haijafika ya dawa ila niwe naipima.

Ratiba yangu ni hii: nafungua saa mbili asubuhi, nafunga saa moja jioni, muda wote nimekaa. Asubuhi chai ya maziwa na chapati mbili, au maandazi ya yule mama anayepita na deli. Mchana wali maharage au ndizi nyama kwa mama ntilie. Jioni soda moja, usiku ugali au viazi nyumbani.

Rafiki yangu ananiuzia chai ya kupunguza unene, anasema kilo 10 kwa mwezi. Mwingine anasema niache wanga kabisa. Fundi naye ananidai vipimo na sijui nimpe vya mwili upi, huu au ule ninaoutaka.

Naomba kujua: hili lengo linawezekana? Kama haliwezekani, lipi linawezekana kwa tarehe hiyo? Nawasilisha.

Mzee wa Sae

Binti yangu, hongera sana kwa hatua uliyofikia. Mimi nakushauri kama mzazi. Huyo kijana amekuchumbia ukiwa hivyo hivyo ulivyo. Usije ukafika siku yako uso umesinyaa, wakwe wakaanza kuulizana huyu anaumwa nini. Punguza sukari, tembea tembea, mengine mwachie Mungu.

Binti wa Mwanjelwa

Shikamoo mzee wangu, nakushukuru. Mwenzangu hajawahi kunitamkia neno kuhusu mwili wangu. Ila mimi ndiye ninayemsafisha mama kidonda cha mguu kila asubuhi kabla ya kwenda dukani. Nikishamfunga bandeji nakaa nawaza kwamba njia ni hiyo hiyo. Ndiyo maana nataka kuanza sasa.

jembe_la_Ileje

Dada, wiki 14 ni nyingi mno. Kata ugali, kata wali, kata viazi na ndizi, kula nyama, mayai na mboga, mara moja kwa siku. Mimi wiki ya kwanza tu kilo nne ziliondoka. Ukikaza, 65 unaifikia na chenji inabaki.

Muuguzi Forest

Habari dada. Umeeleza vizuri, kwa hiyo na mimi nikujibu kwa hesabu.

Ile 64 daktari hakuitoa hewani. BMI ni uzito kwa kilo, ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. 1.6 mara 1.6 ni 2.56. Gawa 88 kwa 2.56 unapata 34.4. Uzito wa kawaida unaishia chini kidogo ya 25, na 25 mara 2.56 ndiyo hiyo 64. Namba iko sawa. Lakini daktari hakukupa tarehe. Tarehe umeibandika wewe kwa sababu sendofu iko hapo, na shida yote ya lengo lako iko kwenye tarehe.

Kilo 23 kwa wiki 14 ni kilo 1.6 na ushee kila wiki, bila kukosa hata moja. Kilo ya mafuta ya mwilini inabeba kama kalori 7,700. Maana yake kila siku upungukiwe kalori 1,800 hivi. Mwanamke wa umri wako, mwenye uzito na urefu huo, anayekaa dukani kutwa, anatumia takriban 2,100 hadi 2,200. Toa mwenyewe uone. Unabaki na kalori chini ya 400, yaani chapati moja na kikombe chako cha chai, mpaka kesho asubuhi. Huwezi kufungua duka hivyo kwa miezi mitatu. Hata ukilazimisha, utafika Desemba misuli imekwisha na nywele zinakatika, tena wakati ndiyo unazihitaji. Na kupungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki kunaongeza hatari ya kupata mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Tunachowaambia watu kliniki ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kwako ni kilo 7 hadi 14 kufikia siku hiyo. Mimi ningekuandikia 8 au 9. Kati hapa kuna kicheni pati yako, kuna wageni wa mahari, kuna misiba, na kuna wiki mizani itagoma tu bila sababu unayoijua.

Usizione chache. Asilimia 10 ya uzito wako ni kilo 8.8. Presha na sukari huanza kunufaika mtu akipunguza hata asilimia 5, na kwako hiyo ni kilo nne na kitu. Na kwa kuwa umemtaja mama: kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002, wa watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajafikia kisukari. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Waliopata kisukari kundini humo walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Asilimia 7 yako ni kilo sita. Hiyo iko ndani ya wiki 14 kabisa, na ndiyo jibu la kile unachokiwaza asubuhi unapomfunga mama bandeji.

Ndugu wa Ileje, zile kilo nne nakubali uliziona kwenye mizani, ila sehemu kubwa yalikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu hukaa na maji kama gramu tatu. Ukiacha wanga ghafla akiba inatumika na maji yanatoka nayo. Ukirudi kwenye ugali yanarudi siku mbili tatu. Bibi harusi akipangia gauni kilo za namna hiyo ataumia.

Hiyo chai uiache. Nyingi za aina hiyo zina sanamaki, zinakuharisha, unapoteza maji na madini, mafuta yamebaki palepale. Na bidhaa za kupunguza unene zisizosajiliwa zimekutwa katika nchi nyingi zimechanganywa kimyakimya na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara kwa moyo. Wewe presha yako tayari inasogea juu. Kama haina usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, hata usiionje.

Kabla hujaanza kapime sukari. Ukiona kizunguzungu au hedhi ikikatika, rudi kituo cha afya, usisubiri Desemba.

NdiziTukuyu

Muuguzi ameshamaliza hesabu, mimi nisemee sahani.

Usimsikilize anayekwambia uache ndizi na viazi, huku kwetu utakula nini? Cheza na kiasi. Nusu ya sahani iwe mboga: chainizi, kabichi, majani ya maboga, chochote kilichoko sokoni siku hiyo. Robo iwe maharage, samaki au kuku. Robo inayobaki ndiyo ugali, wali au ndizi. Kwa mama ntilie hili linawezekana kabisa ukiwahi kabla foleni haijawa kubwa. Mwambie, "Mama, wali nusu, maharage ongeza, mboga ongeza, mchuzi usinimwagie." Bei ni ileile na akikuzoea atakuwa anakupakulia bila kuuliza. Mchuzi nautaja kwa sababu ya mafuta yanayoelea juu. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kama kalori 120, na chakula cha kuungwa vibandani hakina kijiko kimoja.

Soda ndiyo ya kuanza nayo leo hii. Chupa ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35 za sukari, vijiko vya chai nane au tisa. Ukiiacha hiyo peke yake, wiki nzima umeokoa karibu kalori elfu moja bila kuhisi njaa.

Asubuhi, badala ya chapati mbili, moja na yai la kuchemsha. Au kiazi kitamu na chai yenye sukari kidogo. Parachichi letu la Rungwe ni zuri sana kwa afya, lakini yale makubwa kula nusu, nusu mpe mtoto wa dukani.

Halafu usipike cha peke yako nyumbani. Sahani hii hii inamfaa na mama, kaeni nayo wote wawili.

Fundi wa Soweto

Nimeshona magauni ya sendofu kwa muda mrefu, na swali la vipimo nalijibu mimi.

Wateja wengi huniambia, "Fundi shona dogo, nitapungua." Sishoni hivyo hata kwa hela nyingi. Lesi ikishakatwa ndogo hairefuki. Nitalazimika kuunga vipande ubavuni, na vitaonekana hata shanga zikipita juu yake. Kupunguza gauni kubwa ni kazi ya nusu siku.

Fanya hivi. Mpe fundi wako vipimo sasa kwa ajili ya kujua mita za kitambaa tu, akupe orodha ununue. Kukata kusubiri katikati ya Novemba, tarehe 14 hivi. Kulijaribu tarehe 28. Wiki ya mwisho ni kubana ubavu na kiuno basi. Mwambie aache inchi moja ndani ya mshono kila upande, na mgongoni aweke kamba za kufunga badala ya zipu. Kamba zinakupa nafasi ya inchi mbili hadi tatu kwenda mbele au nyuma, wewe unalala usingizi.

Na jipime kiuno kwa futi kila mwezi. Nimeona wateja mizani haijasogea ila futi imeshuka inchi nzima.

KihesaKilolo

Hongera shemeji yetu mtarajiwa, karibu Iringa.

Nitasema moja la mazoezi na moja la tarehe. Mazoezi: dakika 30 mara tano kwa wiki ndizo 150 za muuguzi. Huna haja ya kulipia jimu. Shuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya Mwanjelwa utembee kwa haraka, kiasi kwamba unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Sisi huku tunapanda jiwe la Gangilonga jioni, ninyi mmezungukwa na vilima, mwinuko ni bure. Ila panga mapema kwa ajili ya mvua. Septemba na Oktoba kukavu, Novemba mvua zikianza njia ni tope na jioni unatamani blanketi. Tafuta cha kufanya ndani tangu sasa: kamba ya kuruka, kuchuchumaa na kusimama, ngazi kama mnazo. Asiyepanga hilo husimama Novemba, na wiki zako za mwisho ndizo hizo.

La tarehe ni hili. Usiwe na tarehe moja tu. Dada yangu alijibana mpaka siku ya harusi, akapendeza, na kuanzia kesho yake hakuwa na lengo lolote. Kwenye kuzunguka kwa wakwe kusalimia, kila nyumba sahani, zikarudi zote na nyongeza. Weka ya pili sasa hivi, Pasaka kwa mfano, na umwambie mwenzako ili aijue kabla hamjaanza kula pamoja.

jembe_la_Ileje

Muuguzi, nimekuelewa kuhusu maji. Kweli zilirudi, nikawa najilaumu kwamba nimekula vibaya. Asante kwa kufafanua.

Binti wa Mwanjelwa

Wakuu, nimesoma yote zaidi ya mara moja. Mungu awabariki.

Nimeamua hivi: sendofu niwe kwenye 80, ikishuka hadi 79 nitashukuru. Pasaka 74 au 75. Ile 64 naiacha mbele bila tarehe. Chai nimemrudishia rafiki yangu ujumbe kwamba sitaichukua. Soda imekoma tangu jana. Sukari nitapima Jumatatu pamoja na mama akienda kliniki yake.

Muuguzi, swali moja. Sina mizani nyumbani, napima kwa vijana wa mizani barabarani pale Kabwe. Wiki iliyopita ilisoma 90, juzi 88. Niamini ipi?

Muuguzi Forest

Chagua kijana mmoja na mizani moja, usihamehame. Nenda asubuhi siku ileile ya wiki kabla ya chai, vua koti na viatu, simu na pochi viweke pembeni. Koti zito la baridi la hapa Mbeya peke yake linaweza kuwa kilo nzima. Siku za karibu na hedhi mwili hushika maji, unaweza kuona kilo moja au mbili zimeongezeka, usibadilishe chochote. Andika namba kwenye daftari la duka na ulinganishe ya leo na ya wiki nne zilizopita, ya jana usiijali.

Na kama mnataka mtoto mapema baada ya ndoa, uliza hapo kliniki Jumatatu kuhusu vidonge vya foliki asidi. Huanza kabla ya mimba, na hapo pia hutakiwi kuwa unajinyima chakula.

Fundi wa Soweto

Tarehe 28 ukienda kulijaribu gauni, nenda na viatu utakavyovaa siku hiyo na sidiria ileile. Kisigino kikibadilika, pindo nalo limebadilika.