Nimefagia "takataka" za Thunderbolt kwenye laptopu za ofisi, skrini za bosi zimekuwa giza. Kipi kibaki, kipi kiondoke?

Karani_wa_Gati:

Wakuu, heshima kwenu. Niko Tanga, ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari. Kazi yangu ni nyaraka za mizigo, ila kwa kuwa niliwahi kusoma kompyuta kidogo, laptopu zote 14 zimeniangukia mimi. Mshahara uleule.

Zilikuja na makorokoro kibao kutoka kiwandani: antivairasi za majaribio, michezo, viprogramu vya kukukumbusha kununua vitu. Wiki iliyopita nikafagia. Nikafuta kila nisichokijua, pamoja na chochote kilichoandikwa Thunderbolt. Nilidhani nalo ni tangazo.

Jumatatu kuna meli gatini, bosi anachomeka doki yake, ile ya kebo moja yenye skrini mbili, kibodi na intaneti. Chaji inaingia, skrini giza totoro. Ya mhasibu, ambayo ni mpya zaidi, inafanya kazi kama kawaida, ila kile nilichofuta kimerudi chenyewe baada ya siku tatu kama paka wa Ngamiani. Ya tatu inadai idhini ya msimamizi. Msimamizi ni mimi, na siku hiyo nilikuwa msibani Muheza. Nimetaja nywila kwa simu, watu wanasoma khitma pembeni yangu.

Sasa naambiwa nirudishe kila kitu kama kilivyokuwa. Sitaki. Nataka kujua kipi ni kazi na kipi ni pambo.

Fundi_Makorora:

Pole, na kwanza badilisha hiyo nywila leo.

Thunderbolt si tangazo, ni aina ya poti ya kasi inayopitisha skrini, data na chaji kwa kebo moja. Hapo umechanganya vitu viwili. Draiva ndiyo inayoiwezesha Windows kuongea na chipu ya poti. Kile kiprogramu chenye dirisha ni cha kuonyesha kilichochomekwa na kutoa idhini. Kwenye mashine za zamani viwili hivyo vilifungwa furushi moja, ukilifuta kwenye orodha ya programu umeondoka na draiva pia. Nahisi ndilo lililompata bosi wako. Nenda tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, weka modeli kamili, shusha furushi lake. Usichukue la modeli jirani.

Kwenye mashine mpya vimetenganishwa. Draiva inakaa ndani ya mfumo, kiprogramu kinatoka Microsoft Store. Kinarudi kwa sababu draiva yenyewe imeandikiwa maelekezo ya kukiagiza. Unaweza kuizuia Windows Update isilete draiva, lakini ujue utakuwa umejitwisha kuzifuatilia zote kwa mkono, laptopu 14. Mimi nisingegombana nacho, ni kidogo na hakili kitu.

Suala la idhini: andika msinfo32 kwenye kisanduku cha kutafuta cha Windows, kwenye dirisha litakalofunguka tafuta mstari wa Kernel DMA Protection. Ukiwa On, Windows yenyewe inalinda kumbukumbu dhidi ya kifaa kinachochomekwa, huhitaji kubonyeza idhini kila mara. Ukiwa Off, kiprogramu kiache, ndicho mlango wako. Ingia kama msimamizi, chomeka doki, chagua iunganishwe daima. Na usiizime idhini kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla Windows haijawaka) ili watu wasikusumbue. Mwaka 2020 watafiti wa Eindhoven, Uholanzi, walionyesha kuwa mtu akiishika mashine isiyo na kinga hiyo kwa dakika chache tu, anaweza kuingia hata kama imefungwa kwa nywila. Ofisi yenu hapo getini inaingiwa na kila mtu.

MwanaRaskazone:

Mimi nauliza kebo. Poti ya USB-C na Thunderbolt 3 zina umbo moja, ndiyo maana watu wanachomeka kebo ya chaji ya simu wanategemea skrini mbili. Angalia alama ya radi kwenye poti na kwenye kebo. Na hapa kwetu kuna hewa ya chumvi, mulika tundu kwa tochi kabla hujalaumu programu.

Karani_wa_Gati:

Kebo ni ileile iliyokuja na doki, mkuu. Ila tundu moja lilikuwa na kutu ya kijani, ahsante.

Majibu: 5 ni za furushi moja, zote Off. Nimezirudishia, doki nimeziidhinisha, basi. 9 zina On. Hizo nimeacha kiprogramu kirudi kikitaka, nimekizuia tu kisijiwashe pamoja na mashine. Ya bosi skrini zote mbili zimewaka, hajasema chochote, kwake hiyo ni pongezi.

Fundi_Makorora:

Siku nyingine kabla ya kufagia, chomeka flashi, fungua dirisha la amri kama msimamizi:

pnputil /export-driver * E:\draiva

E ni herufi ya flashi, weka ya kwako. Folda itengeneze kwanza. Inanakili draiva zote zilizoongezwa juu ya zile za Windows. Ukiharibu, unarudisha bila hata intaneti.

Karani_wa_Gati:

Nimefanya kwa 11. Tatu ziko na vijana gatini, wakirudi jioni namalizia.